Chini ya Sabini na Tano

Kihonda, Morogoro
Jumapili, 8 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Hafidha muuza viazi ananihimiza niandike upesi, gari lake la mboga linarudi Nyandira alfajiri na safari hii amesema hamsubiri mtu anayetafuna kalamu. Simu nimekoma. Wiki iliyopita nilikupigia kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kafariki, na wewe ukanijibu habari za karoti. Masikio yako na mtandao wa huko mlimani vimeshirikiana kunishinda. Basi tuandikiane.

Mama, umeme utaniua. Sisemi shoti, nasema LUKU. Tulikuwa kwenye ile bei nafuu, ya watu wasiovuka uniti sabini na tano kwa mwezi. Mwezi wa tatu tukavuka, wa nne tukavuka, tukahamishiwa bei ya juu. Sasa nanunua umeme Ijumaa, Jumatano mita inaanza kulia pii pii pii pale ukutani kama kifaranga kilichopotezana na mama yake. Mwezi wa tano tumekula uniti mia moja thelathini na moja. Hela ya mabati ya chumba cha nyuma yote imeingia kwenye kile kisanduku.

Nimeapa, mama. Nitarudi chini ya sabini na tano hata kama itabidi tukae gizani tukitambuana kwa sauti. Maria nimemkalisha chini, maana huyo kila asubuhi pasi, kila asubuhi pasi, utadhani kidato cha tatu kinasomewa ikulu. Baba yake yuko Turiani, msimu wa miwa umeanza na trekta halimpi nafasi, anakuja Jumamosi moja anaruka nyingine. Lakini akija ndiye mharibifu mkuu. Taa ya chooni! Anaamka usiku mara nne, na kila akitoka anaiacha inawaka. Mara nne, mama. Nimemwambia apunguze maji jioni, anacheka tu.

Kwa jambo moja amenifurahisha. Ameacha sukari kwenye chai. Anasema kama ni kubana, tubane wote. Nimemsifu mbele ya mtoto.

Wewe ulitulea sita bila waya hata mmoja ndani ya nyumba. Niambie nianzie wapi.

Mwanao,
Yustina


Nyandira, Mgeta
Alhamisi, 12 Juni 2025

Yustina,

Marahaba. Karoti nilizokuambia ndizo hizo kwenye kiroba, njegere ni za Maria.

Nimekusoma mara mbili. Miaka ishirini na tisa ya uuguzi imenifundisha kwamba mgonjwa akija analia mwili mzima, unamuuliza panapouma zaidi. Kaa chini uandike kila kitu chenye waya humo ndani. Kila kinachotoa joto, huyo ndiye mwizi wako. Taa na redio ni wadokozi tu. Jagi la umeme, hita ya maji ya kuoga, pasi, lile jiko la koili ulilonunua kwa kujionyesha siku ya kipaimara: hao wanabeba kwa mafurushi.

Maji ya kuoga yawekeni juani kwenye ndoo nyeusi tangu asubuhi. Pasi ni Jumapili tu, nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Maharage chemsha kwenye gesi nusu saa, kisha ondoa sufuria uitie ndani ya kapu ninalokutumia. Nimelijaza majani makavu ya mgomba na khanga zangu kuukuu. Funika vizuri, kaa mbali, usifunguefungue kama mtoto. Yataiva yenyewe mpaka mchana.

Na hilo friji, zima. Ni kabati linalokula mchana na usiku, halilali. Nyama nunua ya siku hiyo, maji weka mtungini.

Halafu, huyo Baba Maria. Kuamka mara nne kumeanza lini? Amekonda?

Mama yako,
Theresia


Kihonda
Jumapili, 22 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Kapu! Jamani, kapu! Maria alikuwa anacheka, anasema bibi katuma mto wa kulalia sufuria. Saa saba tukafungua, maharage laini, moshi unatoka. Maria akaongeza sahani. Sasa anawasimulia wenzake shuleni kana kwamba yeye ndiye aliyelisuka.

Jiko la koili nimelifunga kwenye gunia. Hita nimeikabidhi kwa mama mchungaji niliyeazima birika lake miaka miwili iliyopita, nikamwambia sasa tumemalizana. Pasi ni Jumapili. Alhamisi Maria alikwenda shule na sketi ina mikunjo, akalia, nikamwambia lia lakini nenda. Kila jioni yeye ndiye anayesoma mita na kuandika kwenye kalenda ya ukutani. Ameshika kazi hiyo kwa roho mbaya kabisa. Juzi alinizimia taa nikiwa natunga uzi kwenye sindano.

Lakini mama, hatufiki. Kwa mwendo huu mwezi utaisha na tisini na kitu. Linalobaki ni friji, na hapo ndipo nilipogonga mwamba. Nilimpigia Ernest huko Turiani nikamwambia mama kasema tuzime. Akasema, "Zima vyote, Mama Maria, friji acha." Kwa nini? "Maji baridi." Mwanamume mzima! Nilipe bei ya juu kwa sababu ya maji baridi, na mtungi ninao? Nikamwambia hivyohivyo. Akasema mtandao unakatika. Mtandao wa Turiani unajua sana kukatika kwa wakati wake.

Umeuliza kama amekonda. Nani hakondi msimu wa miwa? Hata matrekta yanakonda.

Yustina


Nyandira
Alhamisi, 26 Juni 2025

Yustina,

Sikucheka kuhusu matrekta. Nilikuuliza jambo la kitabibu, ukanijibu utani. Muulize tena yeye mwenyewe.

Kuhusu friji, mimi sibadiliki. Mtu akikukatalia jambo bila sababu, fanya kwanza, sababu itajitokeza yenyewe. Zima. Akija akute uniti zimeshuka, atasahau hayo maji baridi.

Siandiki sana leo, nina msiba wa mabawa. Mdondo umeingia kitongojini. Nimezika kuku tisa tangu Jumapili, na yule jogoo mwekundu aliyekuwa ananiamsha (yeye tu ndiye niliyekuwa namsikia) leo amesimama pembeni kafumba macho. Wamebaki kumi na mmoja. Bwana mifugo alisema chanjo imekwisha, anaifuata mjini. Amekwenda tangu Jumanne, hajarudi.

Theresia


Kihonda
Jumapili, 29 Juni 2025

Mama, shikamoo na pole sana.

Usilie, dawa ya kuku wako ninayo mimi. Inakuja na Hafidha pamoja na barua hii.

Barua yako ilinifikia Ijumaa, na Ijumaa hiyohiyo nikazima friji. Nilichomoa waya kwa mkono wangu, Maria akapiga makofi. Katika kulisafisha nikakuta nyuma kabisa kopo la siagi, ndani yake vichupa vitatu. Nikakumbuka. Mwezi wa nne niliviona, nikamuuliza Ernest, akasema ni chanjo ya kuku, anamwekea rafiki yake wa Turiani asiye na friji. Sasa huyo rafiki miezi mitatu hajavifuata, na kuku wa mama yangu wanakufa. Nimeamua. Kama kuna wa kulaumiwa ni mimi, na huyo rafiki tutamnunulia vingine.

Jana na juzi nilivihifadhi ndani ya mtungi, leo nimevitia kwenye chupa ya chai yenye barafu kutoka kwa muuza samaki. Vimebanduka karatasi za majina, sijui kwa nini, labda maji. Wewe ni muuguzi, utajua ni matone mangapi kwa kila jicho la kuku.

Ernest sijamwambia lolote. Anakuja Jumamosi tarehe tano. Nataka aingie, aone friji liko wazi, halafu Maria amwonyeshe kalenda. Siku mbili bila friji tumekula uniti tatu. Tatu, mama! Nitampokea kwa ushindi.

Yustina


Nyandira
Alhamisi, 3 Julai 2025

Kwa mkwe wangu Ernest,

Mimi na wewe hatujawahi kuandikiana, na kwa heshima ya ukwe isingefaa tuanze na jambo la mwili wako. Lakini umenilazimisha. Barua hii Hafidha ataiweka kwenye basi la Turiani, konda atakupigia uje stendi. Pamoja nayo kuna chupa ya chai. Usiimimine.

Juzi binti yangu Yustina, mke wako, alinitumia vichupa vitatu nichanje kuku. Nilimkamata jogoo, nikamkumbatia, nikachoma sindano kwenye mpira wa kichupa. Chanjo ya mdondo haina mpira wa namna ile, hapo ndipo mkono uliposita. Halafu nikasikia harufu. Baba Maria, masikio yangu yamekufa lakini pua bado. Miaka ishirini na tisa nimewachoma watu dawa ile kila asubuhi. Unaweza kubandua karatasi, harufu huibandui.

Kuku wangu wana mdondo. Hawana kisukari.

Nilikaa chini pale bandani nikajumlisha. Kuamka mara nne. Chai bila sukari. Friji lisizimwe. Yote mwanangu aliniandikia kwa mkono wake na hakujua anaandika nini. Na mimi niliyejua maana yake nikamwambia azime. Hilo ni langu, nitalibeba.

Sasa nisikilize kama mgonjwa. Vichupa hivi vilikaa siku tatu nje ya friji katika joto la mjini, kisha vikasafirishwa kwenye barafu, na barafu inaiharibu dawa hii kuliko jua. Hapa nimeviweka kwenye chungu chenye kitambaa kibichi, na baridi la Mgeta mwezi huu linatosha, lakini siwezi kuapa kuwa ni vizima. Usijichome navyo. Nenda hospitali kesho, peleka vyote vitatu, waambie vilipopita, hata habari ya jogoo waambie. Usione haya. Haya haijawahi kumponya mtu.

Na mke wako umwambie wewe. Nakupa mpaka Alhamisi ijayo. Siku hiyo nitamwandikia kila kitu, na mimi nikiandika huwa sipunguzi.

Mama mkwe wako,
Theresia


Nyandira
Alhamisi, 3 Julai 2025

Yustina,

Mzigo umefika. Kuku ni wanane sasa. Bwana mifugo amerudi na chanjo jana, kwa hiyo sikuitumia yako.

Friji washa. Leo, ukimaliza tu kusoma mstari huu. Najua nilichokuambia wiki iliyopita, na sasa nakuambia kinyume chake. Usiniulize. Nilikosea, na mtu mzima akikosea hurudi njia aliyopita.

Ernest akija Jumamosi, mpikie dagaa na mchicha, ugali kidogo. Usimpokee kwa kalenda.

Theresia


Turiani
Jumamosi, 5 Julai 2025

Mama Maria,

Leo nilipaswa kuwa nyumbani. Nimekupigia asubuhi nikasema trekta limeharibika. Trekta ni zima. Niko kwenye benchi la hospitali, na nimeomba karatasi kwa muuguzi kwa sababu kila nikikupigia naishia kuuliza kama mvua imenyesha.

Mimi nina kisukari. Tangu mwezi wa pili. Nilianguka shambani, nikapelekwa kupimwa, wakaniambia nitajichoma sindano kila siku mpaka mwisho. Vile vichupa si chanjo ya kuku. Hakuna rafiki. Ni dawa yangu; huku Turiani sina friji, kila nikija nyumbani nachukua kichupa kimoja.

Unamjua kaka Luqmani, mtoto wa mama mkubwa. Alipokatwa mguu kwa kisukari nilikwenda kumwona. Alikuwa amekaa pale sebuleni, na watu wanagawana habari zake mbele yake, nani atalima shamba, nani atalea watoto, kana kwamba keshazikwa. Hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini. Mkewe alikuwa anamlisha kwa kijiko, na mikono yake ni mizima. Niliogopa kijiko kile kuliko mguu. Pia niliogopa msimamizi akijua atanishusha kwenye trekta.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo gumu. Tangu mwezi wa tano umeme ulipotupandia bei, nikaona hela ya mabati inaisha, Maria anagombezwa kwa ajili ya pasi, wewe unashona hadi macho yanauma. Kila mtu nyumbani anapunguza kitu. Mimi nikasema nitapunguza nini? Mimi ndiye ninayeongeza gharama za dawa. Nikaanza kujichoma nusu, ili kichupa kidumu. Ndiyo maana nikawa naamka mara nne, sukari ikipanda mkojo haukomi. Ulikuwa unanipigia kelele za taa, na mimi nashindwa kukuambia kwamba naiacha kwa sababu najua nitarudi.

Mama yako alijua kwa pua. Nimesoma barua yake mara tano. Daktari amenipa dawa mpya na amenigombeza mbele ya foleni nzima. Vile vitatu wamevitupa.

Utakasirika. Kasirika. Ila niambie kama nije.

Ernest


Kihonda
Jumatatu, 7 Julai 2025

Ernest,

Barua yako nimeisoma sokoni, cherehani mbele yangu, na mteja anasubiri gauni la sendoff. Nimemwambia arudi kesho. Nimefunga meza, nimekwenda kukaa nyuma ya magunia ya viazi ya Hafidha nikalia mpaka akaninunulia maji. Umesikia? Hafidha anajua. Konda wa basi labda anajua. Mama yangu anajua, na jogoo wa mama yangu anajua. Mimi ninayelala na wewe ndiye wa mwisho!

Nimekasirika, tena sana. Ulinitazama nikikusifu kuhusu sukari kwenye chai, ukanyamaza ukanywa. Na mimi nilichukua dawa ya uhai wako nikaipeleka kwa kuku, nikijiona mke mwema na binti mwema kwa siku moja. Yule jogoo angekuwa ametiwa matone machoni na wewe ungekuwa unakuja nyumbani kwenye kopo tupu la siagi. Kwa hiyo usiniambie habari za woga wako peke yake, na mimi nina wa kwangu sasa.

Halafu hiyo nusu. Sikiliza vizuri, maana nalisema mara moja. Nilisema tupunguze umeme. Sikusema tukupunguze wewe.

Kijiko hukioni kwangu. Una mikono, utakula mwenyewe, na vyombo utaosha. Lakini sindano utajichoma mbele yangu na mbele ya Maria, mezani, kama mtu anayefunga saa mkononi. Sitaki maficho tena ndani ya nyumba hii. Msimamizi mwambie kabla hujaanguka na trekta juu ya watu. Akikushusha, shuka.

Friji nimeliwasha tangu Ijumaa, mama alivyoandika tu, nikinung'unika bila kujua kwa nini. Maria alikasirika, akaandika kwenye kalenda "BIBI KATUSALITI". Leo jioni nimemweleza. Amechukua kalamu, akafuta, kisha akabandika karatasi kwenye mlango wa friji: HILI HALIZIMWI.

Na bado nitafika chini ya sabini na tano. Nimeapa na sijafuta kiapo. Tutapunguza kila kitu kingine mpaka tufike.

Njoo Jumamosi. Kama hukuja, nakuja mimi na kapu.

Yustina


Nyandira
Alhamisi, 17 Julai 2025

Yustina,

Ernest ameniandikia. Barua fupi, mwandiko wa mtu anayeandika juu ya goti, lakini amesema "asante, Mama", na nimeiweka kwenye Biblia.

Wewe umeniandikia kurasa tatu na hukunilaumu hata mstari mmoja. Nilaumu, mwanangu. Mimi ndiye niliyesema fanya kwanza, sababu itajitokeza. Nilikuwa nasema na waya, nikasahau kuna mtu. Zahanati nzima ilikuwa inaniogopa kwa sababu nilikuwa siandiki dozi bila kuuliza anayeinywa ni nani, na kwa watoto wangu mwenyewe nikaandika. Nisamehe.

Sasa turudi kazini. Nimemuuliza mtoto wa Hafidha aliyesomea ufundi wa majokofu. Anasema friji la zamani halili sana lenyewe, linakula kwa sababu linavuja. Chukua noti, ibane mlangoni, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umekufa na baridi yote inatoka nje unailipia. Pia lisiegemee ukuta, lipate kupumua, na lisikae karibu na jiko. Usiingize sufuria ya moto. Mlango ufunguliwe kwa shughuli maalumu. Maria asisimame pale anatafakari.

Kuku sita wamepona. Jogoo yumo. Sasa nikimshika anafumba macho mapema, nadhani ananikumbuka na sindano.

Theresia


Kihonda
Jumapili, 31 Agosti 2025

Mama, shikamoo.

Noti ilitoka bila kushikwa. Noti ya elfu kumi, nilivuta kidogo tu ikanifuata mkononi. Nikaita fundi Nasibu, akabandua mpira wa mlango umekauka, umepasuka kila pembe. Anasema tulikuwa tunapoza Kihonda nzima. Ameweka mpya, tumelisogeza friji mbali na ukuta na jiko, na Maria ameandika chini ya ile karatasi yake: FIKIRI KWANZA, FUNGUA BAADAYE. Ernest mwenyewe anasimama mbele ya mlango, anafikiri, anafungua, anachukua kichupa, anafunga. Maria anamhesabia sekunde.

Msimamizi amemshusha kwenye trekta kama alivyoogopa. Amemweka mizanini, anapima magari ya miwa yanapoingia. Mshahara umepungua, sitakudanganya. Jioni ya kwanza alipokuja nilidhani ndiyo ule msiba wa kaka Luqmani umehamia kwangu. Kisha akaniambia, "Mizani ina kivuli." Amenenepa shingoni kidogo. Shati alilovaa kwenye harusi ya Deepak wa duka la vitambaa limeanza kumkaa tena.

Anajichoma mezani, tulivyokubaliana. Siku ya kwanza mimi ndiye niliyefumba macho. Sasa Maria anauliza "tayari?" huku anakula, basi, maisha yanaendelea.

Mwezi wa saba tulimaliza na themanini na mbili. Nililia, nikanyamaza, tukaanza upya. Tumeondoa televisheni sebuleni, inawashwa Jumamosi baba akiwepo. Nimeacha kushona usiku, meza nimeisogeza dirishani, natumia mwanga wa Mungu mpaka unapoisha. Nguo za wiki nzima zinapigwa pasi kwa saa moja, familia nzima imepanga foleni. Leo jioni Maria amesoma mita mara tatu, akaja amenyoosha kalenda mbele kama cheti. Sitini na tisa, mama. Friji likiwaka mwezi mzima. Wanasema tukikaa chini hivi miezi mingine tutarudishwa bei nafuu, na tutakaa. Hilo si ombi.

Kuna taa moja tu ambayo haimo kwenye hesabu ya Maria, nimemkataza asiiguse. Ile ya chooni. Usiku Ernest akiwa nyumbani naiwasha mimi mwenyewe kabla ya kulala, asijikwae. Amenigundua juzi, akauliza si ndiyo uliyokuwa unaipigia kelele? Nikamwambia lala.

Alikuwa anaamka mara nne. Wiki hii yuko likizo, amelala hapa usiku saba, na kila usiku ameamka mara moja tu. Najua, maana nilikuwa macho, nahesabu.

Mwanao,
Yustina